Tumbo Linapogeuka Utumbo

Karatasi ilifika Wamaza imekunjwa mara nne katikati ya daftari la matibabu. Ilitoka katika mji mkubwa wa mashariki, ikafika Kindu kwa ndege, Kasongo kwa gari la mizigo, na kipande cha mwisho ikasafiri kwa pikipiki, imefungwa katika ncha ya kitenge cha shangazi yangu. Nilipofika nyumbani kwa likizo aliniwekea karatasi hiyo mapajani kabla sijanywa maji. “Weye wa masomo,” akasema, “hiyi karatasi inasema nini? Niko na kansere ao hapana?”

Ilikuwa na mistari miwili ya Kifaransa: «Gastrite chronique atrophique avec métaplasie intestinale. Absence de dysplasie.»

Mimi ni mwanafunzi wa isimu, tena wa lugha za Kiafrika. Kwetu mtu akishasoma lugha huhesabiwa kuwa amesoma karatasi zote. Niliweza kuisoma kwa sauti nzuri, na matamshi yangu hayana kasoro, ilichosema sikukijua. Na kabla yangu ilikwisha kusomwa na watu wengine watatu. Wa kwanza, jirani anayejua Kifaransa cha sekondari, aliona neno «intestinale» akasema ugonjwa uko kwenye utumbo, basi waliochukua kipande cha nyama tumboni walikata mahali pasipo. Wa pili alishika «chronique» akasema ni ugonjwa wa kudumu, hauna dawa. Wa tatu, kijana aliyewahi kufanya majaribio ya kazi katika kituo cha afya, alisoma «métaplasie» akasikia métastase, yaani kansa iliyokwisha kusambaa mwilini. Huyo ndiye aliyeaminiwa, kwa sababu alivaa koti jeupe miezi mitatu. Majuma mawili kabla sijafika, ndugu walianza kuja mmoja mmoja kumsalimia shangazi kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoingia nyumba yenye msiba.

Makala haya hayaandikwi na daktari. Yanatokana na wiki kadhaa za kusoma na kuuliza waliosomea tiba, ili nijue ile mistari miwili ilikuwa na nini, na kwa nini tafsiri yake iliniwia ngumu kuliko zoezi lolote nililowahi kupewa darasani. Njiani nilikutana na jambo ambalo sikulitafuta: siku hizi kuna darubini zinazoingia ndani ya tumbo la mtu aliye hai na kuona mabadiliko haya papo hapo, kabla hayajaitwa kansa. Nitalieleza hilo kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonisaidia kuielewa karatasi.

Kwanza tumalizane na kosa la kijana wa koti jeupe. Metaplasia na metastasi zinashirikiana mwanzo tu. Meta- ya Kigiriki inabeba maana ya kubadilika au kuhama. Plasia inatoka kwenye kufinyanga, kama mfinyanzi anavyofinyanga udongo; stasi inatoka kwenye kusimama, kukaa mahali. Metastasi, basi, ni ugonjwa uliohama makazi: seli za kansa zimetoka zilikozaliwa zikaenda kukaa kwingine. Metaplasia ni ufinyanzi uliobadilika: mahali ni palepale, ila seli zinazozaliwa hapo sasa zina umbo la namna nyingine. Mtu mwenye metastasi ana kansa, na imekwenda mbali. Mwenye metaplasia hana kansa. Silabi mbili za mwisho wa neno ziliweka familia nzima katika matanga ya mtu anayepika sombe jikoni.

Sasa tumbo lenyewe. Neno hili katika Kiswahili ni pana: ni sehemu yote ya mbele ya mwili chini ya kifua, ni mfuko unaopokea chakula, na ni mimba pia. Vitabu vya baiolojia vimelifunga kwenye mfuko wa chakula, na njia ndefu inayofuata wakaiita utumbo, mwembamba kisha mpana. Tazama kilichotokea hapo: shina ni lilelile, -tumbo, limeongezwa u-. Ni u- ile ile ya uzi, ulimi, ukuta na utepe, inayopenda vitu virefu. Wazee wa lugha walioyatenga maneno haya mawili kwa irabu moja hawakujua kwamba wanamwekea akiba mtafsiri wa mwaka huu.

Ngozi ya ndani ya tumbo ni laini, ina ute, na imejaa vishimo vidogo mno. Chini ya vishimo hivyo kuna tezi zinazotoa asidi na kimeng'enya cha kuvunja protini. Ngozi ya utumbo mwembamba ni nyingine kabisa: kazi yake ni kufyonza, na kati ya seli zake zimepandwa seli zenye umbo la bilauri, zimejaa ute hadi mdomoni. Tumbo lenye afya halina bilauri hizo. Sasa tumbo likiwaka uvimbe mdogo kwa miaka na miaka, tezi huanza kufa na ngozi kuwa nyembamba. Huko ndiko «atrophique». Kisha mahali pa tezi zilizokufa mwili huotesha ngozi ya aina ya utumbo, na bilauri zake. Hiyo ndiyo «métaplasie intestinale». Jirani yetu hakukosea sana: neno lilikuwa la utumbo kweli. Ila utumbo wenyewe ulikuwa umeota ndani ya tumbo.

Daktari wa Kolombia, Pelayo Correa, ndiye aliyezipanga hatua hizi kama ngazi, kuanzia makala aliyochapisha na wenzake mwaka 1975: uvimbe wa muda mrefu, kisha tezi kufa, kisha metaplasia, kisha displasia, kisha kansa. Displasia ni pale seli zinapopoteza utaratibu: viini vyake vinakuwa vikubwa na vyeusi, zinasongamana, hazijui tena juu na chini. Karatasi ya shangazi ilisema wazi kwamba hatua hiyo haikuonekana. Katika mistari miwili, ule wa pili ndio uliokuwa habari njema, na hakuna hata mmoja wetu aliyeusoma. Kifaransa cha hospitali kina tabia hiyo: habari njema huja mwisho, kwa neno «absence», na mtu akisikia «absence» anadhani kuna kitu kinachokosekana mwilini mwake.

Anayewasha uvimbe huo mara nyingi ni bakteria mwenye umbo la msokoto, Helicobacter pylori. Robin Warren na Barry Marshall walimtambua huko Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wengi hawakuamini kwamba kiumbe anaweza kuishi katika asidi ya tumbo, na mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe, akaugua, akapimwa. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mapema zaidi, mwaka 1994, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon lilikwisha kumworodhesha bakteria huyu miongoni mwa visababishi vya kansa ya binadamu.

Hapa panatokea fumbo ambalo watu wa Maniema wanapaswa kulijua. Katika Afrika, watu wengi huambukizwa bakteria huyu wakiwa wadogo, lakini kansa ya tumbo haikuonekana kwa wingi unaolingana na maambukizi hayo. Mwaka 1992 Holcombe aliliandikia makala na kuliita fumbo la Afrika. Wengine wamelipinga: wanasema kansa ipo, ila wagonjwa hawafiki penye vipimo, au wanakufa kwa jambo lingine kabla ya umri wake. Na Afrika yenyewe si moja. Madaktari wa eneo letu wameona kwa muda mrefu kwamba kansa hii ni nyingi zaidi milimani, Rwanda, Burundi, Kivu na Kilimanjaro, kuliko katika nyanda za chini. Maniema, ambayo hadi 1988 ilikuwa ndani ya Kivu kwa utawala, kwa ardhi ni nchi ya chini, ya mto na msitu. Kolombia nako ni hivyohivyo: katika mkoa wa Nariño, watu wa milima ya Andes wanaugua sana, wa pwani ya Tumaco kidogo, na wote wana bakteria. Watafiti waliochunguza nasaba za watu na za bakteria huko walipendekeza kwamba pale mtu na bakteria wake wana asili moja ya kale, kama watu wa pwani wenye asili ya Afrika na bakteria wa asili ya Afrika, madhara hupungua. Wamezoeana, tungesema sisi. Hilo halimpi mtu wa Wamaza cheti cha kutougua. Linamwambia tu kwamba ile ngazi ya Correa haipandwi kwa mwendo mmoja kila mahali.

Sasa nirudi kwenye kipande cha nyama. Ili kuandika ile mistari, daktari aliingiza tumboni mwa shangazi mpira mwembamba wenye taa na kamera, akatazama, akakwanyua vipande vidogo, akavipeleka maabara. Vilikaushwa, vikakatwa nyembamba sana, vikatiwa rangi, vikatazamwa kwa hadubini. Majibu yalichukua siku kumi na moja. Utaratibu unaofuatwa sehemu nyingi duniani, unaojulikana kwa jina la mji wa Sydney, unataka vipande vitano kutoka sehemu maalumu za tumbo. Shida ni kwamba metaplasia haitandi tumbo zima kama mkeka. Inaota kwa mabaka. Chini ya mwanga mweupe wa kawaida mabaka hayo mara nyingi hayatofautiani na ngozi ya jirani. Kwa hiyo vipande vitano ni kama ndoano tano alizotupa mvuvi katika Luama: akipata samaki tunajua samaki yupo, asipopata hatujui kama mto ni mtupu au ndoano zilikwenda kando.

Hapo ndipo zinapoingia darubini mpya, na ya kwanza nitakayoieleza ni nyepesi kwa kuielewa. Mwanga mweupe ni rangi zote kwa pamoja. Wahandisi wa Kijapani waliweka kichujio kinachoacha kanda mbili nyembamba tu zipite, moja ya buluu ya nanomita 415 hivi na moja ya kijani ya nanomita 540 hivi. Rangi hizi zilichaguliwa kwa sababu hemoglobini ya damu inazimeza. Mishipa ikimeza mwanga huonekana myeusi, nyama ya pembeni ikaurudisha. Zaidi ya hayo, buluu haizami mbali katika nyama, kwa hiyo inachora kile kilicho juu tu, na mabadiliko haya huanza juu. Ongeza lenzi inayokuza mara 80 hivi, na ngozi ya tumbo inakuwa kama kitambaa chenye michoro. Mwaka 2006 Uedo na wenzake wa Osaka walieleza kwamba penye metaplasia, ukingo wa kila tuta dogo la ngozi una mstari mwembamba wa samawati iliyopauka, kama pindo lililotiwa rangi. Daktari akiliona pindo hilo anajua wapi pa kukata. Ndoano inatupwa pale samaki aliporuka.

Ya pili ni ya ajabu zaidi. Ukimulika nyama kwa taa kali, mwanga unarudi kutoka tabaka zote, ya juu, ya kati na ya chini, na picha inakuwa ukungu. Ni kama kikao cha ukoo ambapo wote wanasema kwa wakati mmoja. Marvin Minsky, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa akili bandia, aliombea hataza mwaka 1957 kifaa cha kuwanyamazisha wasemaji wote isipokuwa mmoja: mbele ya kipokea-mwanga unaweka kitundu kidogo kabisa, kimepangwa ili mwanga unaotoka kina kimoja tu ndio upenye. Unasoma nukta moja, unahamia ya pili, ya tatu, mpaka nukta zote zinakuwa picha. Ni ukataji bila kisu. Unapata kipande chembamba cha nyama ambayo bado iko mahali pake na damu inapita. Hadubini hiyo inaitwa konfokali.

Kwa karibu nusu karne ilikaa mezani. Mwaka 2004 Ralf Kiesslich na wenzake wa Mainz, Ujerumani, walichapisha picha zilizopigwa kwa hadubini ya aina hiyo iliyopunguzwa ikatiwa kwenye ncha ya mpira wa uchunguzi, ndani ya utumbo mpana wa watu walio hai. Tumbo lilifuata. Mgonjwa anachomwa mshipani dawa ya rangi, fluoreseni, inayong'aa inapomulikwa kwa leza ya buluu. Dawa hiyo inatiririka na damu, inapenya kati ya seli, na ngozi ya tumbo inajichora yenyewe: vishimo vya mviringo, mipaka ya seli, mishipa. Zile seli za bilauri, kwa kuwa zimejaa ute usiopokea rangi, zinabaki kama matone meusi katikati ya weupe. Daktari akiona matone meusi tumboni amekwisha kuusoma ule mstari wa kwanza wa karatasi yetu, siku hiyohiyo, mgonjwa akiwa bado kitandani. (Fluoreseni humfanya mtu kuwa wa manjano, ngozi na mkojo, kwa saa kadhaa. Natumaini kuna anayemwambia kabla hajajitazama kwenye kioo.)

Sitaki kuuza mashine. Fluoreseni haiingii katika kiini cha seli, na kiini ndicho kinachosema mengi kuhusu displasia. Kwa hiyo daktari anahukumu kwa umbo la vishimo na mpangilio wa seli. Kuna chombo kingine kinachopaka uso wa tumbo rangi ya methilini buluu na kukuza mara 500 au zaidi. Hicho kinaona viini vizuri, lakini tabaka la juu tu. Hadubini konfokali nayo haizami zaidi ya robo ya milimita. Na zote zinatazama mahali padogo mno kwa wakati mmoja, basi bila jicho lililofunzwa na ile taa ya buluu na kijani ya kuongoza njia, utaweza kuzunguka tumbo kutwa bila kufika penyewe. Maabara na kisu vinabaki ndiyo mahakama ya mwisho.

Wala sisemi chombo hiki kiletwe Wamaza kesho. Hadubini niliyoikuta katika kituo kimoja cha afya vijijini inatazama malaria na minyoo kwa kioo kinachogeuziwa dirishani, na fundi wake ananing'inia na jua: mvua ikitanda, majibu hungoja. Lakini si kweli pia kwamba mambo haya ni ya Osaka na Mainz peke yake. Lusaka, kwa majirani zetu wa Zambia, Paul Kelly na wenzake walitumia endoskopia ya konfokali kuangalia jinsi ngozi ya utumbo inavyovuja kwa watu wazima wanaoishi penye uchafuzi mwingi. Fluoreseni ilionekana ikichuruzika kutoka kwenye damu kuingia ndani ya utumbo. Matokeo yalichapishwa 2016. Lengo lao lilikuwa lishe, si kansa, lakini chombo ni kilekile na madaktari walikuwa hapohapo. Na ni Zambia pia ambako Violet Kayamba na wenzake walichapisha mwaka 2020 utafiti uliohusisha moshi wa kuni na mkaa na kansa ya tumbo. Nilipousoma nilikumbuka jiko la shangazi. Halina bomba la moshi, na amekaa mbele yake tangu alipokuwa msichana.

Nirudi katika uwanja wangu, kwa sababu mpaka hapa nimekuwa mgeni. Msomaji atakuwa ameona nimetumia darubini na hadubini kama vile ni jamaa. Darubini tuliipata kwa Waajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Kiajemi kina neno jingine, khurdabin, kwa chombo cha kuona vilivyo vidogo, na anayelisikia hashangai kukuta Kiswahili sanifu kina hadubini. Kwetu Kasongo, ambako Kiswahili kilifika na misafara ya karne ya 19 kutoka pwani, darubini inajulikana, hadubini haijulikani. Fundi wa maabara anasema mikroskopu kutoka Kifaransa, na watu wanasema kimashini cha kuonea vijidudu. Sioni aibu katika yote matatu. Aibu ni kumpa mgonjwa neno lisilo na mlango wa kuingilia. Kwa hizo mashine mpya, nimejaribu kwa wanafunzi wenzangu “darubini ya ndani”, na mmoja akauliza mara moja: ndani ya nini? Swali zuri. Neno linaloleta swali zuri linafaa kuliko linaloleta kimya.

Ila tatizo kubwa halikuwa jina la mashine. Lilikuwa njeo.

Vitabu vya Kifaransa huita hali ya shangazi «précancéreuse». Nikitafsiri “ya kabla ya kansa”, nimemhukumu. Kabla ya mvua ni wakati ambao mvua inakuja. Kabla ya harusi, harusi ipo. Nikikimbilia kwenye -ja- na kusema “haijawa kansa”, mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwani -ja- ya kukanusha, kama tulivyofundishwa, haisemi tu kwamba jambo halipo, inasema linangojewa. Mgeni hajafika: mtengee chakula. “Bado” nayo ni vilevile, na ndiyo inayotawala katika Kiswahili chetu cha Maniema. Mwambie mama wa Wamaza “bado si kansere” uone atakavyoinamisha kichwa. Nikikwepa yote na kusema “si kansa”, nimesema kweli, lakini nimeifuta ile alama, na hatarudi kuangaliwa.

Ukweli wenyewe una namba. Huko Uholanzi, uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 90,000, uliochapishwa 2008, ulionyesha kwamba katika miaka mitano baada ya kupimwa, kwa kila mwaka watu 25 katika 10,000 wenye metaplasia walipatikana na kansa ya tumbo. Kwa displasia kali walikuwa 600 katika 10,000. Wote wako “kabla ya kansa”, kwa neno moja, na tofauti yao ni kubwa kuliko tofauti ya mzima na mgonjwa. Sitadai namba za Uholanzi ni za Maniema. Nadai tu kwamba hakuna -ja- wala bado inayobeba 25 katika 10,000. Chombo kinaweza kutofautisha tone jeusi la bilauri na kiini kilichovimba, kisha sisi tunavipeleka vyote viwili kwa mgonjwa ndani ya kiambishi kimoja.

Nilimweleza shangazi jioni ya pili, tukipeta mchele. Nilianza na shamba, si na ugonjwa. Nikamwambia: shamba la mpunga likilimwa miaka mingi bila kupumzika, mpunga unakonda, na kwenye mapengo linaota jani ambalo si la hapo. Jani hilo si moto. Lakini mwenye shamba anayeliona halali, analizungukia. “Basi tumbo lako limeota utumbo, shangazi. Kwa mabaka.”

Alinyamaza, akacheka, akauliza nani ameliruhusu. Nikamweleza bakteria. Akauliza kama bakteria huyo ndiye anayeuawa kwa zile dawa za juma mbili alizopewa, zile zilizomfanya kinywa kuwa kichungu. Ndiye, nikasema. Akauliza kama sasa utumbo utarudi kuwa tumbo. Hapo ilinibidi kusema kwamba pengine mabaka yatabaki hata bakteria akifa, na ndiyo sababu ya kurudi kutazamwa. “Kurudi kule? Kwa pikipiki ile?” Sikuwa na jibu la pikipiki.

Kisha akanipa kalamu. Aliniambia niandike Kiswahili chini ya Kifaransa, juu ya karatasi hiyohiyo, ili atakayeisoma baadaye asimletee tena watu wa kulia. Nikaandika: “Tumbo lina uvimbe wa siku nyingi. Baadhi ya tezi zake zimekufa, na mahali pake pameota ngozi kama ya utumbo. Si kansa, na seli zilizoharibika utaratibu hazikuonekana. Tumbo hili liangaliwe tena.” Alinifanya nimsomee mara tatu. Mara ya tatu alinikatiza, akataka kujua kwa nini Kifaransa kilisema kwa maneno tisa na mimi nimejaza ukurasa. Akaikunja mara nne, akairudisha kwenye daftari, akaniambia nikachote maji.